Pete ya Zohali na Macho ya Bibi

Harufu ya salfa hainiachi. Kila kiangazi, mikorosho ikichanua na watu wa kwetu Nambambo wakiwasha mashine za kuipulizia dawa hiyo, koo linanikereketa na namkumbuka mjomba Hamisi na darubini yake, bomba refu lenye kioo chini na tundu la kuchungulia ubavuni. Mjomba alikuwa mwalimu wa sayansi. Siku moja alimwambia bibi, mama yake, aliyekuwa akikaa kwetu, kwamba kuna sayari iitwayo Zohali, nayo imevaa pete. Macho ya bibi yalikuwa yakifunikwa na mtoto wa jicho. "Basi fanya hima unionyeshe, mwanangu," akasema, "macho haya yanaaga." Kuchungulia hakuweza tena. Ilibaki picha kubwa kwenye simu, aisogeze puani.

Huo ukubwa ndio uliotutesa. Mjomba alipachika lenzi ya Barlow, inayozidisha ukubwa mara mbili, kisha simu juu yake, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. Loo! Zohali ilikua, lakini ilififia, ikatetemeka kwa kila upepo, na kabla hujabonyeza imeshatoka kwenye kioo cha simu. Ikabidi tungoje jioni tulivu, na jioni hizo hizo ndizo baba alizozitaka kwa kupulizia salfa, isipeperushwe na upepo. Vumbi la njano likawa linatua kwenye darubini. "Mikorosho haingoji nyota, shemeji," baba alifoka. Mvumilivu hula mbivu, mjomba alijibu, lakini kila jioni bibi alizidi kupapasa ukuta. Mama alichoka kuwasuluhisha, nami nilichoka kuwasikiliza. Mwishowe baba alizima mashine jioni moja, akaketi mlangoni amenuna.

Jioni hiyo picha ilipatikana: doa la njano, na pete hafifu imelizunguka. Mjomba akakimbia kumpa bibi simu. Bibi alihangaika kuiweka sawa, skrini ikazimika. Akaendelea kuitazama ikiwa nyeusi, taratibu, akitabasamu. "Nimeiona, mwanangu. Kweli imevaa pete." Mjomba akanitazama. "Alhamdulillahi," baba akasema kule mlangoni, na uso wake ukalegea.

Sasa nafanya kazi Ruangwa mjini. Macho yangu ni mazima, yamechoshwa tu na kompyuta. Picha za Zohali safi kuliko ile huzikuta kwenye simu, nikazipita kwa kidole. Juzi nilirudi hoi, nikajitupa kitandani, binti yangu akanishikisha mchoro wake. "Nimeuona, mwanangu, mzuri," nikasema, nimefumba macho.

"Umeona nini, baba?"

Bibi, katika giza lake, angejibu: pete. Mimi nilifumbua macho, nikauinua mchoro.