Mkono wa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa mtu wa Tanga, fundi seremala wa mgodini Geita, na kwao mama mkwe huamkiwa kwa kubusiwa mkono. Kwetu Samuye mkwe na mama wa mkewe hukimbiana. Sikumwonya, kwa kuwa nilidhani dunia nzima inajua. Nani humfundisha mtu mzima kwamba moto unaunguza?

Nilipompeleka kwetu mara ya kwanza baada ya ndoa, alivaa kanzu iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, akabeba sukari na doti ya kanga. Mama alikuwa anatwanga. Alipoona kanzu inamjia, mkono mbele, aliuacha mchi kinuni, akajifunika uso kwa kaniki yake, akakimbilia zizini. Mume wangu alibaki uani na mkono wake hewani. Baba alimchinjia jogoo, lakini alikula matonge mawili tu, akanawa.

Njiani kurudi aliniambia, “Mama yako hanitaki. Ameniona mtu wa kuja.”

Nikacheka, kicheko kikamuumiza zaidi. Nilimweleza kwamba kule kukimbia ndiyo heshima yenyewe, kwamba asiyetakiwa ndiye watu humsimamia mbele wakamtazama usoni. Hakuniamini. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na alikuwa ametamani mno kupata mama wa kumwamkia. Nilimhurumia sana.

Baada ya hapo alijifunza. Akifika anakohoa, anakaa upande wa pili wa ghala la mtama, na salamu zinapitia kwangu. Mwambie shikamoo. Mwambie marahaba, na ng'ombe wa kwao hawajambo? Kwao hawakuwa na hata mbuzi, lakini nilimjibu mama kwamba hawajambo.

Kisha tukapata binti. Alipoanza kutembea tulimpeleka kwa bibi yake. Mama alikuwa upande wake wa ghala, mume wangu upande wake, na mtoto akizunguka kati yao. Mama akamkamata, akakifumbata kile kiganja kidogo ndani ya chake.

“Mpelekee baba yako mkono wangu,” akasema kwa Kiswahili chake kizito.

Mtoto akaenda akiyumba, kiganja amekinyoosha. Mume wangu akainama, akakibusu, machozi yakimlenga. “Shikamoo, mama,” akasema, kwa sauti ya kuvuka ghala.

Mtoto akarudi kwa bibi yake. Mama akakichukua kiganja kile, akakiweka shavuni.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, na safari hii hakuniambia nimwambie.