Kinyozi Anayeacha Kichwa Nusu

Mume wangu ni kinyozi, na mkono wake ni mwepesi mpaka wateja wanasinzia kitini. Siku hizi wanamwita Nusu Kichwa, kwa sababu anaweza kukuacha umenyolewa upande mmoja akachomoka mbio kwenda chooni nyuma ya duka. Wao wanacheka. Mimi sicheki, mimi ndiye ninayefua suruali.

Alipata saratani ya tezi dume, wakamchoma mionzi, ugonjwa ukakoma. Watu walikuja kutupa hongera. Mambo yakawa shwari kwa muda, kisha mkojo ukaanza kumtoka kabla hajafika, na choo kikawa hakimpi nafasi hata ya kuweka mashine chini. Siku nyingine kinakuja na damu. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha kwenda misibani. Mwishowe akaacha kulala kitanda kimoja na mimi, eti godoro la sebuleni linafaa mgongo. Mgongo gani?

Juzi mwenzake wa dukani akamwambia, kwa upole mwingi, kwamba mwezi ujao kiti chake atapewa mtu mwingine. Aliporudi nyumbani aliketi akaisafisha mashine ya kunyolea ilhali ilikuwa safi. Kazi nyingine haijui, na bila kazi hiyo ataisha mbele ya macho yangu.

"Baba watoto," nikamwambia, "safari hii kliniki naingia na wewe."

"Uingie kufanya nini?"

"Kukaa."

Daktari alikuwa kijana mwenye heshima zake. Akatazama majibu ya damu, akatabasamu. "Mzee, uko vizuri kabisa. Saratani haionekani. Haja ndogo unapata?"

"Napata."

"Na choo je, unapata?"

"Napata, daktari."

"Safi sana." Akaanza kuandika.

Kumbe ndivyo wanavyoongea kila wanapokutana! Huyu anauliza kwa adabu, yule anajibu kwa adabu, na mume wangu anaoza katikati ya adabu zao.

"Daktari," nikasema, "anapata mpaka kwenye suruali. Anapata na damu. Anavaa vitambaa kama mtoto, na kazini wanamwondoa."

Kalamu ikasimama. Sasa akauliza maswali ya maana, kisha akaeleza kwamba mionzi inaweza kuunguza kibofu na utumbo pia, na madhara yakajitokeza baada ya muda mrefu. Huenda yasiishe yote, lakini dawa zipo, mazoezi yapo, na damu lazima ichunguzwe inatoka wapi.

"Ungesema mapema, mzee, tungekusaidia. Kwa nini ulinyamaza?"

Mume wangu hapandishi sauti hata kwa mteja mlevi. Siku hiyo aliipiga meza ya daktari kwa kiganja.

"Uliniuliza kama ninapata," akasema. "Hata siku moja hukuniuliza kama ninaweza kuzuia."