Weusi Kwenye Michungwa ya Mzee Isihaka

Shangazi yangu Zamda ndiye daktari wa miti pale Kang'ata, ingawa shule aliishia darasa la nne. Mchungwa ukinyauka au mwembe ukigoma kuzaa, anaitwa yeye. Naye anazijua sifa zake vizuri, maana akiitwa hutembea taratibu, kanga ya pili begani, ili watu wamwone anakwenda. Nampenda sana, lakini kwa kujisikia hana mpinzani.

Mwaka jana jirani yake, Mzee Isihaka, alimwomba amtazamie michungwa yake. Majani yalikuwa meusi kama sufuria ya kupikia kwa kuni. Siku hiyo shangazi alikuwa anawahi harusi, kavaa nguo ya kutokea, na hakutaka kuingia shambani. Akasimama njiani, akatazama michungwa, akatazama tanuri la mkaa la Sabiri likifuka moshi ng'ambo ya korongo, akatoa hukumu: hayo ni masizi ya tanuri. Kisha akaenda zake kula pilau.

Isihaka akalipeleka neno hilo kwa uongozi wa kijiji. Sabiri, kijana mwenye kibali chake na watoto watatu, akaambiwa azime tanuri hadi kikao kiamue kama aondoke kabisa eneo lile. Shamba la maana hana. Mkaa ndio unaomlisha.

Wiki ya pili yake shangazi akaja kunitembelea kwangu Manundu, mjini Korogwe. Nina mndimu mmoja nyuma ya nyumba, na majani yake nayo yalikuwa yameanza kuwa meusi. Nikamwuliza kwa utani kama moshi wa Sabiri umepanda basi pale Segera ukanifuata Korogwe. Hakucheka. Akainama, akageuza jani. Juu lilikuwa na weusi unaonata. Chini, kando ya mshipa wa katikati, vilijipanga vidoa vya kahawia, vimetulia, ungedhani ni makovu ya jani lenyewe. Akakwangua kimoja kwa ukucha. Kikabanduka chote, kikamwachia unyevu kidoleni. Kovu halibanduki hivyo. Na sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka kwenye tawi lile bila kupumzika.

"Hajira, huyu ni mdudu gamba," akasema. "Ananyonya mti, anatoa maji matamu, na ukungu mweusi unaota juu ya maji hayo. Nimemzimia mtu tanuri kwa kosa la mdudu."

Nilimwambia angeweza kupiga simu tu. Alinitazama mpaka nikaona aibu. Asubuhi tukapanda basi wote wawili.

Hata kwake hakupita. Alikwenda moja kwa moja kwa Isihaka, na safari hii akaingia hadi katikati ya michungwa, miiba ikimvuta kanga, akageuza jani, akakwangua, akamwonyesha mzee vidoa vilevile. Kutoka pale tukavuka korongo kwenda kwa Sabiri.

Tulimkuta amekaa kwenye gogo anachonga mpini, bila haraka yoyote. Akasimama, akamwamkia shikamoo. Shangazi aliitikia, akamweleza yote bila kujitetea, akamwomba radhi. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi maishani mwangu.

Sabiri akauweka mpini juu ya gogo.

"Mama, mwezi ule wote upepo ulikuwa unapeleka moshi kwako, siyo kwa mzee," akasema. "Mimi nilijua. Ila ukishasema wewe, mimi nani atanisikiliza?"

Shangazi akatazama chini. Moshi huo alikuwa ameukohoa mwezi mzima na kuulaani kila asubuhi, na ndiyo maana siku ile pale njiani aliamini upesi vile.

Alhamisi kikao kilikaa. Mwenyekiti alipouliza nani aliyesema ni masizi, shangazi alinyoosha mkono kabla swali halijaisha, akasema ni yeye, na kwamba hata jani moja hakuligusa. Sabiri akaruhusiwa kuwasha tanuri. Isihaka akashinda siku tatu akisugua matawi kwa maji ya sabuni na kukata yaliyobanana, na Sabiri akamshikia ngazi.

Jumatatu shangazi alinipigia simu kunisimulia michungwa inavyoendelea. Kila akianza sentensi, kikohozi kinaikata. Nikamwuliza kama ni moshi wa tanuri.

"Ndio wenyewe," akasema. "Uache moshi uje."