Kitambaa Kwenye Tundu la Jiko

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya muhuri katika ofisi moja ya Iringa. Pembeni mpika chai alihangaika na jiko la maranda, kopo kubwa lililoshindiliwa vumbi la mbao. Baridi ilikuwa imepungua, naye hakutaka moto mkali, kwa hiyo aliziba tundu la chini kwa kitambaa. Moshi ukajaa mpaka kaunta.

"Mama, moshi huu ukizidi, kesho unapikia nje kwenye mvua," karani alisema, amejiziba pua kwa faili.

"Nimeupunguza moto, ndugu karani!"

Mwanamke wa Kilolo aliyekuwa mbele yangu akacheka. "Umeunyima pumzi tu, dada. Kopo hilo kubwa ni la baridi ya mwezi wa saba. Leo shindilia maranda kwenye kopo dogo, weka chupa katikati, kisha uichomoe polepole ibaki njia ya hewa. Tundu liache wazi."

Wakatumia kopo la maziwa. Moto ukawaka mdogo, bila moshi. Karani akashusha faili. "Haya, baki humu, mama."

Muhuri niliupata saa tisa alasiri. Laiti yule mama wa Kilolo angeikagua na foleni yetu; nayo ina kitambaa kilichoiziba mahali fulani.