Mtu wa Cisne

Pale Los Hoyos, mtaa wa Santiago wenye kelele kuliko yote, kila mtu alijua mambo mawili kuhusu Hilarión Despaigne. La kwanza, ukimletea pipa akaligonga kwa kidole, atakuambia linavujia wapi. La pili, kama una haraka zako, usithubutu kumuuliza habari za nyuzi za besi. Hilo la kwanza lilikuwa kazi: miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mapipa kwenye kiwanda cha ramu. La pili lilikuwa dini.

Dini yenyewe iliitwa Cisne. Nyuzi hizo zilitoka Ujerumani, ule wa mashariki wa zamani, zimefungwa katika karatasi ya buluu yenye picha ya bata wa shingo ndefu aliyezipa jina, na ncha za kila uzi zimezungushiwa hariri ya kijani. Alifunga seti yake ya kwanza mwaka 1971 na tangu siku hiyo hakutaka kusikia jina jingine. Wapiga besi ndivyo walivyo. Mpiga gitaa hubadilisha nyuzi kama shati. Mpiga besi akishapenda amependa, hata akifa mtamzika na karatasi yake mfukoni.

Kila Jumamosi alasiri bendi yao ya watu saba ilipiga katika ukumbi wa mtaa, na kila Jumamosi mchokozi mmoja hakukosekana. "Hilarión, leo umefunga nini?" Hapo muziki ulikuwa umekwisha. Hilarión aliegemeza lile besi lake refu kifuani akaanza hotuba, na wenzake wakawasha sigara, maana walijua muda wake. Hotuba haikukamilika bila kumchapa Cástulo Mustelier.

Cástulo naye alikuwa mpiga besi, wa bendi ya mtaa wa pili. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti mkubwa wa Hilarión, kwa hiyo wawili hao waliitana compay na hawakuweza kukosana hata wangetaka. Tatizo lake ni kwamba alijitengenezea nyuzi mwenyewe nyumbani, tangu ile miaka ya dhiki ambapo hata sabuni ilikuwa hadithi.

"Compay wangu yule pale," Hilarión alikuwa akisema, akimnyooshea kidole, "anapiga kamba ya kuanikia nguo! Ukimsikiliza vizuri utasikia na shuka zinapepea!"

Ukumbi ulicheka. Cástulo, daima safu ya tatu, kofia juu ya goti, alicheka pamoja nao.

Basi mwaka 2006, ikiwa wiki ya kusherehekea miaka arobaini ya bendi, wakiwa mazoezini siku ya Jumanne, uzi wa tatu wa Hilarión ukakatika. Ulilia pwaa! ukamchapa mkononi. Wenzake waliweka ala chini kana kwamba kuna mtu kaanguka. Cisne kukatika! Alivikusanya vipande, akaenda navyo nyumbani.

Alikaa jikoni na wembe, aitoe ile hariri aitunze. Alipolifungua tabaka la mwisho, akaona kitu ambacho kila aliyeishi miaka ile ya dhiki, ya kwenda kila mahali kwa baiskeli, anakijua hata gizani: kile kidude cha madini ya risasi kilicho mwisho wa waya wa breki.

Alikigeuza. Alivaa miwani akakigeuza tena. Labda Wajerumani nao, alijiambia, huchukua chuma kwenye kiwanda cha baiskeli. Watu wana akili wale, hawatupi kitu. Lakini kipande kile kilikuwa na maandishi madogo ya Kichina ubavuni, kama baiskeli zote za mtaani, na hapo akili yake ikagoma kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mkewe, Eneida, alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake.

"Eneida, hii ni nini?"

"Waya wa breki," alijibu bila kuinua kichwa. Kisha cherehani ikasimama.

"Nauliza umeingiaje ndani ya Cisne."

"Kaa chini, mzee wangu."

"Sikai."

"Basi simama, ila usinikatize. Cisne zilikwisha mwaka tisini na mbili. Nchi yenyewe iliyozitengeneza ilikwisha, Hilarión, hukusoma gazeti?"

"Na binamu yako Rigoberto? Baharia? Si ndiye anayezileta kutoka Hamburg?"

"Rigoberto! Rigoberto hajawahi kutoka nje ya ghuba hii. Anatapika kwenye kivuko!"

Hilarión akakaa.

"Ulisema bila Cisne utalitundika besi ukutani," Eneida aliendelea, sauti imeshuka. "Na uliliacha kweli, wiki tatu. Ulikaa mlangoni pale ukitazama barabara. Chakula hakikuwapo, umeme haukuwapo, na wewe pia ukawa hupo. Ningefanya nini? Karatasi za zamani nilikuwa nazo, nikazipiga pasi. Hariri ni yangu, ya magauni ya maharusi. Hayo mengine kamuulize compay wako."

Usiku ule Hilarión alikaa jikoni akikigeuza kile kidude. Alikumbuka mwaka huo tisini na mbili. Alikumbuka vizuri sana, maana alipofunga seti ile alisimama ukumbini akatangaza kwamba safari hii Wajerumani wamejipita wenyewe. Sasa alikuwa amesikia nini? Asubuhi alitoka uani akagonga pipa la maji. Sikio likamwambia linavuja kushoto, chini ya pete ya pili. Alipapasa pale, pamelowa. Basi sikio ni zima! Na kama ni zima, miaka kumi na minne lilikuwa likifanya nini? Kichwa kilimzunguka zaidi kuliko jana.

Alhamisi akaenda kwa Cástulo. Alimkuta uani ameigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha pedali kwa mkono wa kulia, na waya mwembamba wa shaba, wa mota zilizoungua, unajiviringisha juu ya waya wa breki uliokazwa kutoka gurudumu hadi kwenye nguzo ya banda. Mkono wa kushoto uliongoza shaba polepole. Hakuinuka.

"Wa tatu, sivyo? Eneida alipita jana."

Hilarión alivuta kigoda. Njiani alipanga maswali mengi, likabaki moja.

"Niambie kitu kimoja tu, compay. Zangu na zako ni tofauti?"

"Tofauti."

Hilarión alishusha pumzi.

"Zako zina hariri," Cástulo alisema.

Pedali ikaendelea kulia.

"Hebu piga," Hilarión alisema mwishowe.

Cástulo alileta besi lake akapiga vipande viwili vitatu vya son, ule muziki wa dansi wa kwao wa zamani. Hilarión alifumba macho, akasikiliza kwa haki yote aliyokuwa nayo. Mungu amsamehe, alisikia kamba ya kuanikia nguo.

"Lete mimi."

Akalishika besi lilelile, akapiga vipande vilevile. Cisne. Cisne tupu, tamu, nzito, kama ya mwaka sabini na moja. Alimrudishia mwenzake upesi.

"Sielewi, compay. Haki ya Mungu sielewi."

"Mimi nilishaacha kutafuta kuelewa. Nazungusha tu."

"Lakini nimekutukana miaka kumi na minne! Mbele za watu! Mbele ya padri! Ulishindwa nini kunifunga mdomo?"

Cástulo alikata waya kwa koleo, akakagua ncha yake.

"Ulinitukana dakika moja," alisema. "Halafu ukanisifu nusu saa. Wewe hesabu mwenyewe. Nani mtaani hapa anasifiwa kazi yake kila Jumamosi, tena na mtu asiyejua kubembeleza? Ulisema uzi una sauti ya mtu aliyeshiba. Umesahau? Mimi sijasahau. Nilirudi nyumbani nikauandika ukutani, pale juu ya kitanda. Nilikuwa siji kusikiliza muziki wenu, compay, muziki wenu ni wa kawaida. Nilikuja kusikiliza habari za Cisne."

Hilarión alitazama mikono yake.

"Sasa umejua," Cástulo aliendelea, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na mzaha. "Basi imekwisha. Hutasema tena. Au utasema kwa huruma, na ya huruma siitaki. Shika uzi wako. Mpelekee Eneida aufunge hariri."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hilarión alipiga nyimbo nne akiwa ameinamisha kichwa. Uzi mpya ulikuwa mahali pake, kijani juu, kijani chini. Safu ya tatu Cástulo alikaa na kofia juu ya goti, anatazama sakafu. Hilarión aliomba mchokozi asije. Kisha akaomba aje. Hakujua anachotaka.

"Hilarión! Leo umefunga nini?"

Wenzake wakatoa sigara. Hilarión aliegemeza besi kifuani. Ukweli ulikuwa mdomoni, jina moja tu, na aliona wazi kwamba akilitaja, mzee yule wa safu ya tatu atapigiwa makofi ya huruma, kisha basi.

"Cisne," alisema. "Nini kingine?"

Watu wakapiga mbinja. Cástulo akainua macho.

"Huu wa tatu ni mpya, umefika wiki hii. Njooni mtazame ulivyozungushwa. Hampati nafasi ya kupitisha unywele! Aliyeufanya hakuwa na haraka, na mkono wake hautetemeki. Mimi nimegonga mapipa maisha yangu yote, najua kitu kilichofungwa vizuri. Miaka kumi na minne nimepiga nyuzi za mkono huo, umekatika mmoja. Mmoja! Nionyesheni kitu kingine nchi hii kilichodumu hivyo!" Aligonga uzi kwa kidole. "Ningemwona fundi huyo, ningemwambia kwamba bila yeye nisingepiga tena. Hivyo tu."

Ukumbi ulikuwa umetulia kuliko kawaida. Sauti kutoka dirishani ikaokoa jahazi: "Na compay wako je?"

"Compay wangu?" Hilarión alimnyooshea kidole. "Yule bado anapiga kamba ya kuanikia nguo!"

Kicheko kilipasuka. Cástulo alicheka kuliko wote, akajipiga paja, kisha akaitoa kofia gotini akajifunika uso, na hakuiondoa mpaka wimbo uliofuata ulipokwisha.