Kompresa Iliyomchukua Papa

Papa, baba yangu mzazi, alikuja Brussels kwa visa ya miezi mitatu, mwaka uliofuata baada ya mama kufariki, na mimi nilikuwa na haja moja tu: azungumze nami. Sikutaka makubwa. Aniulize kazi yangu ya uuguzi pale Woluwe inaendaje, kama nimechoka, tumkumbuke mama kidogo sisi wawili. Tangu utoto wangu sikumbuki papa akinitazama usoni isipokuwa kuniagiza maji ya kunywa. Nikachukua likizo yangu yote kwa ajili yake.

Mume wangu sikumtia hata kwenye hesabu. Kwetu Katanga mkwe na baba wa mke wanaheshimiana kwa mbali. Hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, wakisalimiana macho yanakuwa chini. Mume wangu akikutana na papa kwenye korido ya nyumba yetu, alikuwa anarudi kinyumenyume mpaka chooni ili mzee apite. Nikasema moyoni, vizuri sana, mzee ni wangu peke yangu. Ujinga mtupu.

Nilisahau garaji. Mume wangu alikuwa na gari dogo la spoti, la viti viwili, la mtumba, na mwaka ule alijitia kichwani kulifunga kompresa, yaani ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe. Papa naye maisha yake yote alifanya kazi mgodini kwenye mashine za kupeleka hewa chini kwa wachimbaji. Wiki ya pili alipita mlangoni pa garaji akamsikia mume wangu akitaja kompresa kwenye simu. Akasimama. Hakurudi ndani mpaka ugali wangu ukapoa.

Na ile heshima yao? Waliipatia dawa: boneti. Mmoja huku, mwingine kule, injini katikati, macho ya wote wawili chini kwenye mashine. Hakuna aliyevunja adabu hata kidogo, na waliongea kutwa nzima.

Mume wangu alitaka kompresa yenye umbo la konokono, nyepesi, ambayo nguvu yake inakuja mzunguko wa injini ukishapanda juu. Papa akakataa, kwa sababu ya taa za barabarani. "Hapa feu rouge iko kila pahali, mukwe. Utaiamusha wapi? Chukua ile inakaa juu ya moteur, inasukuma tangu chini." Wakakubaliana. Ikaja habari ya kupoza, kwa sababu hewa ikigandamizwa inapata moto, na ikiingia na moto wake injini inaanza kugonga. Hiyo iliwachukua wiki nzima. Mume wangu alitaka rejeta ya upepo, mbele chini ya taa.

"Na ukisimama kwa foleni, mupepo itatoka wapi?" papa akamwuliza. "Ipe maji, na pampu yake."

"Maji ikishapata moto, papa, inakawia kupoa."

"Bon. Donc utaweka mingi."

Wakacheka. Papa akacheka, jamani, kwa sauti, mpaka akakohoa. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikaweka kisu chini kwa wivu. Mwanamke mzima, namwonea kijicho bwana wangu kwa sababu ya kicheko cha baba yangu.

Nilijaribu. Nikamwalika papa twende soko la Jumapili la Midi akachague samaki mwenyewe. Akasema miguu inamwuma. Miguu hiyohiyo ilisimama kwenye sementi ya garaji tangu asubuhi hadi jioni. Nikampikia sombe, majani ya muhogo, alivyokuwa anapikiwa na mama. Akala, akashukuru, akauliza kama mikanda imefika. Na siku walipowasha injini kwa mara ya kwanza na kompresa yake, nilimsikia akimwambia mume wangu, "Umefanya muzuri, mutoto yangu." Mutoto yangu. Ukwe ulishakwisha. Mimi, niliyezaliwa naye, nilikuwa bado naitwa "we".

Roho iliniuma, nikamfuata mume wangu bafuni akinawa grisi. Nikamwambia, umeninyang'anya baba.

"Lakini chérie, hatuongei hata kitu," akasema. "Tunaongea mupepo tu."

"Mimi ningeongea hata huo mupepo," nikamjibu, nikambamizia mlango.

Jumapili ya mwisho kabla ya papa kurudi, nilichukua funguo bila kuomba. Nikamwambia papa panda, tunakwenda Tervuren kunyoosha miguu. Akapanda haraka, miwani yake ya kusomea akaisahau juu ya televisheni. Mume wangu alibaki mlangoni, akanionyesha saa ya joto aliyoifunga karibu na usukani: ile hewa ikizidi digrii hamsini, nipunguze mwendo.

Basi, tukawa wawili. Barabara ilikuwa nyeupe, haina magari, miti pande zote. Nilikuwa nimepanga maneno. Papa akatazama dirishani.

"Iko ngapi?" akauliza.

"Trente-cinq, papa."

"Bon." Tukapita taa, tukapita taa nyingine. Nikamwambia kazini wamenipa cheo cha kusimamia wodi. Akaitikia kwa kichwa, akauliza tena iko ngapi. Ilikuwa bado thelathini na tano.

"Soixante," nikasema, sitini nzima.

Aligeuka mwili mzima. Akaweka mkono kwenye dashibodi, akanitazama usoni, macho kwa macho, na sauti yake ikawa ileile ya garaji. "Toa muguu polepole. Usishituke. Polepole, mama. Inapanda ao inashuka?"

Aliniita mama. "Inapanda, papa," nikasema. "Soixante-cinq."

"Bon. Simama pale. Umuite bwana yako."

Nikaendelea kuendesha. Taa ya mbele ilikuwa ya kijani.

"Imeshuka, papa," nikasema.

"Ngapi?"

"Trente-cinq."

"Bon," akasema, akageukia dirishani.