Gauni la Ubavu wa Kaniki

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka kwa fundi, hapa Nachingwea mjini, nishonewe gauni la kuvaa siku ya harusi yake. Fundi mwenyewe kijana mpole. Akaniambia nisimame wima, akazungusha utepe kifuani, kiunoni na mgongoni, akaandika, akamaliza. Nikamuuliza, mbona hujanipima nikiwa nimechutama? Akamtazama mjukuu wangu, mjukuu wangu akatazama dari, mimi nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Wangejuaje? Gauni langu la kwanza lilijaribiwa nimechutama, nimepiga magoti, nimeinua mchi juu ya kinu, kwenye baraza ya duka la Ruangwa, na watu wamejaa kama wamekuja ngomani.

Siku hizo baba na mama walikuwa Nachingwea, baba aking'oa visiki kwenye lile shamba kubwa la karanga la Wazungu. Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, huko Ruangwa. Asubuhi tuliamshwa na michi, nyumba hii ikipumzika ile inapokea. Tukitoka kutwanga mtama ni kwenda kupalilia mbaazi, na kiangazi kikifika tunaingia porini kuchimba viazi vya mwitu, ming'oko. Ah, ming'oko! Ukiichemsha ukailia na chumvi na pilipili, hutaki tena kuulizwa habari ya wali. Kazi zote hizo nilizifanya na kipande changu cha kaniki nimekifunga shingoni, vidole vimejaa udongo, na sikuwa na shida na mtu.

Bibi naye, usimwone mkulima ukadhani hakujua kujipamba. Alikuwa na doti yake ya kaniki mpya, ile nyeusi yenye ubuluu, bado inanukia rangi. Upande mmoja kiunoni, upande mmoja mabegani, na akitembea zinamfuata vizuri utafikiri zimeota mwilini mwake. Alijipaka mafuta ya ufuta, akavaa shanga zake, na hapohapo akainama kulima bila kuvuta nguo hata mara moja. Alikuwa akisema mwanamke anayeshinda akivutavuta nguo ana mtoto mwingine wa kubeba.

Basi, mwalimu wa shule akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba watoto wa kike. Wasichana darasani walikuwa wachache, wa kuhesabu kwa vidole. Mimi nilitaka shule, jamani, nilitaka mpaka usingizi ulikuwa haunikai. Baba alipopata habari akakubali, akatuma kutoka Nachingwea kitambaa cheupe chenye maua madogo mekundu, kwa sababu mwalimu alisema wasichana waje na gauni. Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa bibi, na bibi gauni hakuliamini. Alikuwa ameliona kwa mke wa karani, mwanamke mzuri aliyebanwa kiunoni hata kuketi mkekani alikuwa anasaidiwa. Akamwambia mwalimu, mbele yangu, "Gauni hilo likiziweza kazi zangu, mtoto aende. Likishindwa, abaki kwangu."

Tukaenda kwa fundi cherehani aliyekaa barazani pa duka. Akanipima, bibi akasimama pembeni ameshika kiuno. Sasa hapa usinicheke. Bibi alipoingia dukani kununua chumvi, mimi nikamnong'oneza fundi anibane. Anibane kiunoni, anibane na kwapani, niwe kama mke wa karani. Na mikono aifanye ya kuvimba. Fundi akaniambia kitambaa ni kidogo, mikono ya kuvimba itakula chote. Nikasema haidhuru. Mtoto wa kwenda shule, lakini akili nilikuwa nimeiacha nyumbani!

Siku ya kuchukua gauni bibi alikuja na mchi begani. Kinu aliazima kwa jirani wa duka. Fundi alipoona akadhani tumepotea njia. Nikavaa, na nakwambia ukweli, nilikuwa mzuri. Watu waliokuja kununua mafuta ya taa wakasahau chupa zao. Bibi akaniamuru nipige magoti nimwamkie. Nikapiga, nikasema shikamoo kwa shida kidogo, pumzi imebana. Akasema nichutame kama nachimba ming'oko. Nikachutama nusu, nikatabasamu ili asione ile nusu nyingine. Kisha akanipa mchi.

Niliinua mara ya kwanza, salama. Mara ya pili nikasikia kwapa la kulia, trrr, na la kushoto likajibu. Mshono wa ubavuni ukafunguka mpaka kiunoni.

Watu waliangua kicheko. Mimi niliiona shule inaondoka. Bibi alichukua mchi wake, akaanza kumgombeza fundi kwa Kimwera, Kiswahili kilikuwa hakimtoshi. Alimwambia ameharibu kitambaa cha mwanawe, ameshona ganda la karanga, hakushona nguo ya mtu. Na yule fundi, Mungu amlipe! Hakunitaja. Akainamisha kichwa juu ya cherehani yake akipokea matusi yaliyonistahili mimi. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikasema, "Bibi, ni mimi niliyemwambia abane. Nilitaka niwe kama mke wa karani."

Nilijua nimejimaliza. Bibi akanitazama kuanzia mikono ya kuvimba mpaka miguuni, nami nimeshika ubavu uliochanika, kamasi zinanitoka. Mara mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bibi yule! Alicheka mpaka akakaa juu ya kinu cha watu. Alipotulia akamuuliza fundi gauni linahitaji nini ili liweze kazi. Fundi akasema linataka kupanuliwa mbavuni na kuwekwa vipande kwapani, tatizo kitambaa kimekwisha chote.

Bibi akavua upande wake wa mabegani, ile kaniki mpya, akauweka juu ya cherehani.

"Kata," akasema.

Fundi akasita. Akamkumbusha kwamba ile ni doti, akikata upande mmoja mwingine unabaki mjane. Bibi akarudia neno lake lilelile, safari hii kwa sauti ya chini, akajifunga ule uliobaki chini ya kwapa.

Nililianza darasa na gauni jeupe la maua mekundu, mbavu zake nyeusi. Lilipofuliwa mara ya kwanza kaniki ikachuja, maua yakapata mawingu ya buluu. Wenzangu walinicheka siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa mchakamchaka na kuruka kamba, na magauni yao yaliyobana yakawa yanalia trrr uwanja mzima. Haukupita muda mrefu, fundi akawa anaulizwa na mama zao lile la ubavu wa kaniki linashonwaje. Furaha niliyokuwa nayo nikikimbia na gauni lile, upepo unaingia huku unatokea kule, sijaipata tena kwenye nguo yoyote.

Baraza ile haipo. Kaniki yenyewe vijana wanaiona kwa waganga tu. Fundi alihamia Lindi, akafia huko, na michi ya asubuhi imenyamazishwa na mashine za kusaga. Nguo sasa zinakuja zimeshonwa tayari, na hakuna anayeuliza mvaaji atafanya nini ndani yake.

Mwaka ule wa gauni bibi alianza kuumwa goti. Ikija harusi, ikija ngoma ya kuwatoa wari, wenzake wakipita kumchukua anasema goti halimruhusu, waende tu. Alipenda ngoma kuliko chakula, mimi nikamwonea huruma. Baada ya mavuno ufuta ukauzwa, baba akamletea doti mpya ya kaniki, na goti likapona siku hiyohiyo. Hata hapo sikuelewa. Nilikuja kuelewa mtu mzima, nina watoto, yeye yuko kaburini. Miezi yote ile, kila jioni nikitoka shule, nilikuwa nampaka mafuta ya ufuta kwenye goti zima lisilo na kitu, namsugua kwa nguvu zangu zote, na bibi ananyoosha mguu, ananipa pole kwa kazi.